Mwanza Ni Karibu

Kamachumu, wiki ya kuamkia Krismasi, gari dogo lolote likikata kona kuingia kwetu kuna mtu atapiga kelele, "Wa Dar wamefika!" Watoto watatimua mbio, kina mama watafuta mikono kwenye vitenge, na mzee ambaye tangu asubuhi alikuwa analalamika magoti atasimama bila kusaidiwa. Mimi natoka Mwanza kuja nyumbani kila Desemba tangu nilipoolewa, na sijasikia hata siku moja mtu akipiga kelele kwamba wa Mwanza wamefika. Sisi wa Mwanza hatufiki. Tunaonekana tu. Jirani anapita, anakukuta uani unamenya ndizi, anasema, "Kumbe upo?"

Niseme mapema ili nisije nikaitwa mnafiki: nina wivu na Dar es Salaam. Si wivu wa kutaka kuhamia kule, thubutu! Jiji gani lile, unaoga, unajifuta, na ukimaliza kujifuta unahitaji kuoga tena. Maji ya bahari yamejaa mpaka macho yanachoka, na huwezi kuyachota ukachemsha chai. Mwanza ziwa hilo hapo, ziwa letu lile lile linalofika Bukoba, na sato unamnunua akiwa bado anakurushia mkia. Tuna upepo, tuna vilima, tuna miamba ambayo watu wanafunga safari kuja kupiga nayo picha. Lakini katika nchi hii ukisema unaishi Mwanza, mtu anajibu "aha" na kuendelea na mambo yake. Ukisema Dar, anakuuliza, "Dar sehemu gani?" Hapo tu ndipo ninapoumia. Sisi hatuulizwi sehemu gani.

Mimi nashona mapazia. Ni kazi nzuri, imenisomeshea watoto baada ya baba yao kufariki, na imenijengea nyumba kule Buswelu ambayo sasa vyumba vyake vinanizidi. Mdogo wangu yuko Dar. Tulizaliwa wawili tu, wote wa kike, yeye wa mwisho na mimi wa kwanza. Anafanya kazi ya ofisini, kwenye kiyoyozi, na kitambulisho chake kinaning'inia shingoni hata akiwa sokoni ananunua nyanya. Ana mume, ana watoto wawili. Na kama hiyo haitoshi, mwanangu wa kwanza alipomaliza chuo nilimpakia rangi chumba, nikamshonea na pazia, akaniambia, "Mama, maisha yapo Dar." Yuko kule mpaka leo. Jumapili anakula kwa mama yake mdogo halafu ananitumia picha ya sahani. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba nina roho ya kwa nini. Sababu ninazo.

Mwaka juzi wakati wa masika Mama alianguka. Alikuwa peke yake kibanjani, kwenye nyumba yetu ya Kamachumu iliyozungukwa na migomba na mikahawa, na makaburi ya watu wetu, Baba akiwemo, kwa nyuma. Alikuwa anakata mkungu, akateleza. Baba mdogo, yaani mdogo wake marehemu Baba ambaye kibanja chake kimepakana na chetu, alimkuta amekaa kwenye tope anaugombeza mgomba. Mfupa haukuvunjika, lakini tangu siku hiyo anatembea na fimbo, na akiinuka kwenye kiti anasali kwanza.

Baba mdogo akatupigia simu wote wawili pamoja. "Mama yenu hawezi kukaa peke yake tena," akasema. "Mwakani Desemba mkija tutakaa, na yeye mwenyewe atasema anakwenda kwa nani. Kabla ya hapo kila mmoja amchukue, aonje. Asichague kitu asichokijua."

Nilimtaka Mama. Nalisema bila kuzunguka: nilimtaka kwangu, ndani ya nyumba yangu, sauti yake ikinisema asubuhi kwamba nimechelewa kuamka na kwamba chai yangu haina majani. Mdogo wangu alikuwa na kila kitu, hata mwanangu alikuwa naye. Mama ndiye pekee ambaye Dar ilikuwa haijamchukua, na niliapa kwamba safari hii haimchukui.

Mama akaanzia kwangu. Jamani, niliandaa! Nilimtafutia kitanda kifupi ili asihangaike kupanda, nikamwekea kiti barazani mahali ambapo ziwa linaonekana kati ya miamba miwili. Aliuliza Bukoba iko upande gani, nikamwonyesha kwa kidole, na kuanzia siku hiyo kiti akakigeuza kiangalie kule. Mtaa wetu una Wahaya wengi, kwa hiyo jioni barazani kulikuwa na Kihaya mpaka watu wanasahau kwamba hawako kwao. Kanisani alimkuta mama mmoja waliyesoma naye katekisimu wakiwa wasichana. Ndizi alizokula zilikuwa zimetoka Muleba. Senene walipoanza kuuzwa, nilimletea, akawachambua mwenyewe mbawa na miguu, akawakaanga, akasema mafuta ya Mwanza ni mepesi lakini si mabaya.

"Hapa pazuri, bojo, mwanangu," aliniambia siku ninamsindikiza. "Ni kama sijaondoka nyumbani."

Nilimrudisha Kamachumu nikiwa nimenenepa kwa furaha. Kama sijaondoka nyumbani! Nilimwambia hilo kila mteja aliyekuja kupima madirisha.

Halafu ikaja zamu ya Dar. Safari hii Mama hakupanda basi, weee! Alipandia ndege Bukoba, na aliyempokea uwanjani kule na kiti cha magurudumu ni mwanangu mimi, wa tumbo langu, ambaye kwangu hajaja kwa sababu eti hapati likizo. Picha zikaanza kumiminika. Mama kwenye lifti. Mama na koni ya barafu. Mama amepanda basi la mwendokasi, ameshika chuma kwa mikono miwili utafikiri analiendesha yeye. Ikaja na video: Mama yuko ufukweni, kitenge amekipandisha mpaka magotini, anachota maji ya bahari kwa kiganja, anayaonja, anayatema, na kucheka. Alicheka mpaka akamshikilia mdogo wangu. Niliirudia ile video mara nyingi kuliko inavyofaa kwa mtu mwenye akili timamu. Kwangu alitabasamu. Alisifu. Lakini kucheka vile, na meno ya pembeni yakaonekana, hapana.

Kilichonipa nafuu ni simu zake. Kila Jumamosi alinipigia, na kila Jumamosi alikuwa na neno kuhusu wale wajukuu wa Dar. Hawajui kumsalimia kwa Kihaya. Akiwaita kwa Kihaya wanamwangalia dada wa kazi, naye ni Mgogo, naye hajui. Ndizi wanazitaka zikaangwe ziwe kavu kama maandazi. Siku moja akaniambia yule mdogo wa miaka tisa amemwuliza, "Bibi, Kamachumu ni Uganda?"

Nilicheka mpaka nikavunja sindano ya cherehani. "Mama, Uganda! Ndio watoto wanaolelewa kwenye kiyoyozi hao!"

Yeye hakucheka. Akauliza tu kama huku mvua imenyesha. Mimi nikakata simu nikaendelea kushona huku naimba. Nilijua nimeshinda. Bibi gani atakwenda kukaa na wajukuu wasiojua kwao ni nchi gani?

Desemba ikafika, Mama akiwa amesharudishwa Kamachumu, nikaondoka stendi ya Nyegezi na basi la kwanza. Siku hizi safari ni mteremko. Zamani ulikuwa unakaa foleni ya kivuko mpaka unafahamiana na kila muuza mayai wa pale, sasa daraja la Busisi linakuvusha hata hujamaliza kufungua karanga. Geita, Biharamulo, na kabla jua halijaenda mbali nikashuka Muleba mjini, nikapanda gari la kwenda Kamachumu. Nilikuwa na sato waliokaushwa kwa baba mdogo, na nilikuwa na mapazia. Nilimshonea Mama mapazia ya nyumba nzima, kitambaa kizito cha rangi ya kahawa iliyoiva, yenye marinda. Nikapanda kwenye stuli nikayatundika yote siku ile ile. Mama akazunguka na fimbo yake chumba kwa chumba. "Mazuri," akasema.

Kesho yake mchana, kelele barabarani. Unajua zilikuwa zinasema nini. Mdogo wangu alikuwa ameshukia uwanja wa Bukoba, amekodi gari, na katikati ya ua akafungua begi likatoa halua. Halua! Kitu kinachonata mikononi na kinachowatesa wenye meno mabovu, na watu walisukumana. Baba mdogo, ambaye sato wangu walikuwa bado hawajashuka tumboni, alisimama kumpokea na kumwambia kwamba amependeza. Mapazia hakuna aliyeyaona. Jirani mmoja alijifutia vidole kwenye lile la sebuleni.

"Watoto wako wapi?" Mama akauliza.

"Wana twisheni, Mama. Mwakani, Mungu akipenda."

Mwakani ya mdogo wangu naijua. Yule mkubwa alifika Kamachumu mara moja, akiwa ananyonya. Yule mdogo hajakikanyaga kibanja hata kidogo. Mama akaitikia, akaenda kuketi.

Kikao kilikuwa siku iliyofuata Krismasi. Tulikaa sebuleni: Mama, baba mdogo, mdogo wangu na mimi. Baba mdogo akapitisha kikapu kidogo cha kahawa za kutafuna, maana kwetu hakuna neno zito linaloanza kabla watu hawajachukua kahawa. Tukatafuna kwanza. Kisha akamwambia mdogo wangu aanze.

Sitamnyima haki yake, alizungumza vizuri. Sisi Wahaya ni manshomile, watu wa kujivunia usomi, kuzungumza hatufundishwi ukubwani. Alitaja hospitali kubwa, akataja daktari wa mifupa ambaye anakaa mtaa mmoja naye, akataja chumba cha chini chenye choo chake ndani. Alisema kule mtu akitaka kwenda popote duniani anaanzia pale. Moyoni nikasema, Mama wa miaka themanini na fimbo anataka kwenda wapi duniani?

Zamu yangu nikaweka mikono magotini. Nilikuwa nimejiandaa miezi. Nikasema Mwanza hospitali kubwa nayo ipo, na hewa ipo, na Wahaya wapo, na ziwa ni lile lile. Nikasema, kwangu Mama akitamani kuona kibanja chake Ijumaa, Jumamosi amekiona. Dar ni siku mbili barabarani, au ndege ambayo mawingu ya Bukoba yakikasirika hairuki. Halafu nikatoa neno nililokuwa nimelihifadhi mwisho.

"Na ile siku ambayo hatuitaji," nikasema. "Mtanisamehe, lakini sisi ni watu wazima. Sisi hatuzikwi kwa watu. Mtu wetu popote anapofia analetwa hapa, kwenye kibanja chake. Kutoka kwangu ni safari ya mchana mmoja. Nitapita naye darajani, na kabla watu hawajajua amefariki atakuwa ameshafika kwa Baba. Kutoka Dar mnaijua ilivyo. Kamati, michango, basi la wafiwa, maiti inalala njiani. Mimi Mama yangu sitaki alale njiani."

Mdogo wangu aliijua safari hiyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo walileta maiti ya mkwe wetu mmoja kutoka kule, na gari liliharibika Nzega, na mdogo wangu alikuwemo. Machozi yakaanza kumtoka, akawa anayafuta kwa kitambulisho, kwa ile kamba yake. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo sana. Nilikuwa tayari napanga moyoni namna tutakavyoondoka, mimi na Mama, viti vya mbele.

Mama alitoa maganda ya kahawa mdomoni, akayaweka kwenye kiganja, akayatazama.

"Nitakwenda Dar," akasema.

Baba mdogo akamwomba arudie. Akarudia. Hata mdogo wangu aliacha kulia, akabaki anamkodolea macho. Mimi nilisimama. Nikatoka nikaenda jikoni, jiko letu la nyuma, nikaanza kuosha masufuria ambayo yalikuwa masafi. Niliyagonganisha. Nilitaka wanisikie mpaka Bukoba.

Fimbo ikasikika uani. Mama akaingia, akaketi kwenye kigoda taratibu, akavuta mkungu uliokuwa sakafuni, akachukua kisu na kuanza kumenya ndizi za jioni. Sikumgeukia.

"Umekasirika," akasema.

"Mimi? Nikasirike nini? Nenda Mama. Nenda ukapande lifti."

"Geuka nikuone."

Nikageuka. Nilikuwa nalia, na nilikasirika zaidi kwa sababu nilikuwa nalia. Nikamwambia yote. Nikamwambia kwamba kila kitu kizuri kinaelekea kule, kuanzia barabara, mpaka watoto wetu, na sasa yeye. Nikamwuliza Mwanza imemkosea nini. Nikamwuliza kama ni ile bahari.

"Bahari ni chumvi tupu," akasema. "Mwanza ni nzuri. Nyumba yako ni nzuri kuliko ya mwenzako, na hata leo umesema vizuri kuliko yeye. Yote uliyosema ni kweli. Ndiyo yaliyonifanya nichague."

Sikumwelewa, na nadhani uso wangu ulionyesha, maana aliweka kisu chini.

"Nikifia kwako," akasema, "utaita jirani mmoja, mtapanda gari, jioni tumefika. Nani atakuwa amekuja? Wewe. Na wewe unakuja hata nisipokufa. Unakuja na samaki, unakuja na mapazia. Kwa nini nikuite wakati umeshaitika?"

Akachukua ndizi nyingine.

"Wale watoto wa mdogo wako nimewaita Krismasi, wana twisheni. Nimewaita kwenye ndoa ya binamu yao, wana mitihani. Mwanao naye nimemwita, hana likizo. Nimekaa nao kule nikaona. Si watoto wabaya, bojo, wananipenda, wananishika mkono barabarani. Ila hawajui walikotoka. Sasa kitu gani mtu wa Dar hana ruhusa ya kukikosa? Si harusi, si ubatizo. Ni maiti. Nikifia ndani ya nyumba yao, mbele ya macho yao, watake wasitake watanifuata. Watapita Morogoro, wapite Dodoma, wapite Singida, walale kwenye viti, waamke hatujafika, waulize ni wapi tena huko. Gari likiharibika watashuka walisukume. Wakija kukanyaga hapa watakuwa wameijua njia kwa miguu na mgongo. Njia ya namna hiyo mtu haisahau. Kesho na keshokutwa mdogo wako hayupo, mimi sipo, wale watajua kwamba kuna mahali na mahali penyewe pako hapa."

"Kwa hiyo unakwenda Dar kufa," nikasema.

"Sina haraka. Nakwenda kukaa, nile hiyo halua. Lakini nikimaliza, nataka nimalizie mbali. Mwanza ni karibu mno."

Nilikaa chini, kwenye sakafu, kama nilivyokuwa nakaa nikiwa mtoto. Hoja yangu, ile niliyoing'arisha miezi yote ile juu ya cherehani, ndiyo iliyompeleka Dar. Kama ningesema Mwanza kuna joto na barabara mbovu pengine angenifikiria.

"Na mimi?" nikamwuliza. "Mimi nifanye nini siku hiyo?"

"Utatangulia. Ufungue nyumba, utandike nyasi chini, uwashe moto. Wale watakuja wamechoka na hawajui pa kukaa. Lazima awepo mtu wa nyumbani wa kuwapokea." Aliiweka ndizi kwenye beseni la maji. "Hilo huwezi kumpa mtu wa Dar."

Aliona amenipa heshima, na kwa watu wetu ni heshima kweli, hata mimi naijua. Lakini sikuitaka. Nilitaka viti vya mbele vya basi na Mama dirishani akiulizia kila mto unaitwaje. Nilikuwa nimeshaizoea Dar kuwa na ndege na ghorofa na watu wa kuipigia kelele. Sikujua siku itafika niionee wivu hata safari ya kumsindikiza Mama yangu, watoto waliodhani Kamachumu ni Uganda wakiwa nyuma ya jeneza lake siku mbili nzima, na mimi nikiwa huku mbele nasubiri.

"Mama," nikasema, "mimi nitakupata lini?"

Aliikata ndizi nyingine ncha zote mbili.

"Wewe ulishanipata zamani," akasema. "Ndiyo maana siwezi kuja kwako."

Akanisogezea kisu cha pili, nikakipokea, tukamenya ndizi za watu wote. Lakini kwa mara ya kwanza maishani mwangu nilitamani na mimi ningekuwa nimehamia mbali, nikamsahau kidogo, ili anifuate.